BARUA YA KARANI: Sinema ya Mto Ulanga Ilipigwa Wapi?



Juma hili naanza na ugomvi. Msishtuke, ulikuwa ugomvi wa kirafiki tu, uliotokea hapa Bujora usiku mmoja baada ya Bulabo. Wengi wenu mwaijua sikukuu hiyo: Ekaristi Takatifu huzungushwa kwa maandamano na maua, kisha Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma mpaka vumbi lote la kilima lapanda juu. Basi ngoma zilipokwisha, frateri mmoja mgeni alitundika shuka jeupe ukutani akatuonyesha sinema ya zamani iitwayo The African Queen, yaani Malkia wa Afrika. Sinema hiyo ilitengenezwa mwaka 1951, nayo ni maarufu ulimwenguni hata leo.

Habari yake ni hii. Mwaka 1914, vita kuu ya kwanza ilipofika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, yaani nchi yetu hii, walikuwapo mmisionari mmoja wa Kimetodisti na dada yake, Bibi Rose. Askari wa Wajerumani wakaja wakachoma kijiji chote cha misioni, na yule ndugu akafa kwa homa. Bibi Rose akachukuliwa na nahodha wa boti ndogo chakavu, Bwana Charlie Allnut, mlevi lakini mwenye moyo mwema. Wakateremka mtoni wakikusudia kuizamisha meli ya vita ya Wajerumani iliyokuwa ikilinda ziwa. Wakapita ngome chini ya risasi, wakapita maporomoko, wakakwama katika matete. Mwishowe wakakamatwa, wakahukumiwa kunyongwa kama wapelelezi. Wakaomba wafungishwe ndoa kabla ya kufa, naye nahodha Mjerumani akawafungisha. Yaliyofuata sitawaambia, maana huenda frateri akarudi mwakani.

Taa ilipowashwa, ugomvi ukaanza. Katika sinema mto ule waitwa Ulanga. Mzee mmoja mvuvi kutoka Kayenze akasema, "Mimi nimeliona lile ziwa, ni hili letu." Mwalimu mmoja aliyepata kufundisha upande wa Mahenge akakataa akisema kuwa Ulanga anaujua, nao hauingii katika ziwa lo lote, bali hukutana na mito mingine ukawa Rufiji na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Kijana mmoja akacheka akasema, "Yote haya wameyafanya Ulaya ndani ya nyumba." Wakanigeukia mimi, kana kwamba karani wa parokia ana daftari la kila kitu kilichozaliwa duniani.

Nami nikaahidi kuwajibu kwa barua hii. Jibu lenyewe ni kwamba kila mmoja wa watatu hao alikuwa na kipande cha ukweli, na kile kipande cha kijana ndicho kilichoninyima usingizi.

Kwanza, ingawa hadithi yahusu nchi yetu, picha hazikupigwa kwetu. Mwongozaji, Bwana John Huston wa Marekani, aliwachukua wachezaji wake wakuu, Bwana Humphrey Bogart na Bibi Katharine Hepburn, akaenda nao Kongo, iliyokuwa bado chini ya Wabelgiji. Huko walipiga kambi msituni wakafanya kazi katika Mto Ruiki, si mbali na mji wa Ponthierville, ambao leo waitwa Ubundu. Mto ule ni mwembamba na maji yake ni meusi. Walitengeneza mfano wa boti juu ya chelezo, mitambo ya picha na taa juu ya vyelezo vingine, yote yakavutwa mtoni kama msafara wa siafu. Na siafu wenyewe hawakukosa, waliivamia kambi. Boti nayo ilizama, ikabidi iinuliwe tena kwa nguvu za watu.

Kisha wakahamia Uganda. Walipiga picha Butiaba, bandari ya Ziwa Albert, na penye maporomoko ya Murchison, pale mto Nile unapojibana katika ufa wa mwamba na kuanguka kwa kishindo. Hapo ndipo mzee wangu wa Kayenze apata haki yake. Maji yanayoanguka Murchison ni yale yanayotoka katika ziwa letu pale Jinja, yakapita Ziwa Kyoga, yakashuka mpaka Ziwa Albert. Hakuliona ziwa lake, lakini maji yake ameyaona.

Na hiyo meli ya vita je? Hadithi ilibuniwa na mwandishi Mwingereza, C. S. Forester, katika kitabu chake cha mwaka 1935, lakini nyuma yake ipo habari ya kweli ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walikuwa na meli kubwa iliyoitwa Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande katika makasha na kuungwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Haikuzamishwa na nahodha mlevi wala mtu mwingine wa upande wa adui. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 ili isitekwe, wakiwa wamekwisha paka mitambo yake grisi. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ikabeba abiria na mizigo miaka mingi sana. Nadhani wasomaji wetu wa Kigoma wamekwisha tabasamu.

Sasa nije kwenye kipande cha kijana.

Watu wote waliokuwapo usiku ule walikumbuka mahali pamoja kuliko pengine po pote. Boti imekwama katika matete. Bwana Charlie anashuka majini, anaivuta kwa kamba kama ng'ombe wa jembe. Anapopanda tena, mwili wake umejaa ruba. Bibi Rose anawaondoa kwa chumvi, naye mwanaume mzima anatetemeka kwa kinyaa. Kisha wanatazamana, kwani wote wawili wajua kuwa boti bado imekwama. Anashuka tena majini. Akina mama wa Bujora walifunika macho kwa kanga pale.

Basi, wasomaji wapenzi, maji yale si ya Kongo wala ya Uganda. Ni maji yaliyotiwa katika tangi kubwa ndani ya jumba la kupigia sinema, mahali paitwapo Isleworth, karibu na London. Na si pale penye ruba tu. Popote tunapowaona Bwana Bogart na Bibi Hepburn wamo ndani ya maji, wamo ndani ya tangi Uingereza. Watu hao walisafiri maelfu ya maili kuja Afrika kutafuta mto wa kweli. Walikubali jua, siafu na malaria. Lakini ilipofika zamu ya kuingia majini, maji yetu yalihesabiwa kuwa ya hatari mno, wakapelekwa Uingereza.

Je, waliogopa bure? Hapana. Karibu kundi lote liliugua kule kambini kwa ajili ya maji waliyoyanywa. Bibi Hepburn, ambaye katika sinema anapiga kinanda kanisani kwa utulivu mkubwa, alikuwa anatapika kati ya picha na picha. Yasemekana kwamba Bwana Bogart na Bwana Huston tu ndio waliosalimika, kwa sababu badala ya maji walikunywa wiski. Naomba baba wa familia wasikate kipande hiki cha gazeti kwenda kuwaonyesha wake zao. Maji yaliyochemshwa yafanya kazi hiyo hiyo, tena bila madeni.

Lakini kuchemsha kwamlinda anayekunywa, hakumlindi anayeoga. Katika maji ya mito na maziwa yetu imo hatari nyingine isiyohitaji kinywa. Ruba ni mnyama mwaminifu, maana anakunyonya ukimwona, nawe wamtoa kwa chumvi. Mwenzake wa pili haonekani kwa macho, haumi kwa kishindo, na chumvi haimwondoi. Nasema juu ya kichocho.

Mdudu wa kichocho aligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo mwaka 1851, yaani miaka 100 kamili kabla ya sinema ile. Kwa hiyo mwaka 1951 habari zake zilijulikana vizuri, na dawa iliyokuwapo ilikuwa sindano za antimoni, kali kiasi cha kumtesa mgonjwa pamoja na mdudu. Na ile Butiaba walipopiga picha ni mahali ambapo waganga wa Uganda na wenzao wa Ulaya wamechunguza kichocho kwa miaka mingi, kwa sababu wavuvi na watoto wa pwani ile wamekipata kwa wingi.

Jinsi kinavyokwenda ni hivi. Mtu mwenye kichocho ajisaidiapo majini au kando ya maji, mayai huangukia humo. Yanaanguliwa, na vijidudu huingia katika konokono wadogo wa majini. Ndani ya konokono wanaongezeka kwa majuma kadhaa, kisha wanatoka kwa maelfu, hasa jua likiwa kali, tangu saa nne asubuhi mpaka alasiri. Hapo wanaitafuta ngozi ya mtu. Wakiipata wanapenya kwa dakika chache tu, nawe huenda usisikie zaidi ya mwasho. Ndani ya mwili wanakuwa minyoo, wanakaa katika mishipa ya damu kwa miaka, wakitaga mayai kila siku.

Kwetu Usukumani kichocho ni cha namna mbili. Kile cha kibofu chapatikana zaidi bara, katika malambo na majaruba ya mpunga, na dalili yake ni mkojo wenye damu. Kile cha matumbo chapatikana zaidi ufukoni mwa ziwa. Hicho huumiza tumbo, huleta choo chenye damu, na kikiachwa miaka huharibu ini, tumbo likajaa maji, na mtu akaweza kutapika damu mpaka kufa.

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, sisi wavulana tulikwenda kuchunga na kuogelea katika lambo adhuhuri. Mmoja wetu alipokojoa damu tulimshangilia, maana wakubwa walituambia kuwa ndiyo dalili ya mvulana kuwa mwanaume. Damu yangu ilipotoka nilikimbia nyumbani kwa furaha kumwambia mama. Ni mwalimu wangu mmoja, baadaye sana, aliyenipeleka zahanati. Wasichana hawakushangiliwa na mtu. Wao kichocho cha kibofu chaweza kuwajeruhi katika njia ya uzazi, wakapata maumivu na damu, hata ugumba, na majeraha hayo huweza kumrahisishia virusi vya UKIMWI kupita. Wangapi wametukanwa kuwa malaya au tasa kwa ajili ya maji waliyochota wakiwa na miaka 10?

Tena lipo jambo zito zaidi. Kazi yangu ni kuandika. Naandika wanaobatizwa, naandika wanaofunga ndoa, naandika wanaozikwa. Kwenye daftari la marehemu naandika jina, umri na kijiji. Lakini watu wanapokuja ofisini husema zaidi ya yale yanayoandikwa. "Tumbo lilijaa maji, karani. Alitapika damu. Mtu huyu amelogwa." Mwaka mmoja nilimwandika baba wa watoto watano, mvuvi, hajafika miaka 40. Kabla ya kwenda hospitali alikuwa amepelekwa kwa waganga watatu, na mmoja wao alielekeza kidole nyumba ya jirani, kwa bibi mjane. Yule bibi hakuuawa, Mungu ashukuriwe, lakini alilazimika kuhama usiku na kuku wake wawili. Hospitali waliwaambia jamaa kuwa ini lilikuwa limeharibiwa na kichocho cha siku nyingi. Habari hiyo ilifika kijijini baada ya bibi kuondoka, wala hakuna aliyemfuata kumwomba msamaha.

Nanyi mwajua kuwa katika nchi yetu ya Usukuma vikongwe wameuawa kwa maneno kama hayo. Amri ya tano haisemi usiue isipokuwa mganga amekuambia. Mtu akivimba tumbo, mchawi wa kwanza wa kutafutwa ni konokono.

Basi tufanye nini? Sitawaambia mwache ziwa, kwani mvuvi wa Igombe akiacha ziwa atakula nini, na mkulima wa mpunga hawezi kupanda miche akiwa juu ya mti. Hatuna tangi la Isleworth. Lakini yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni choo. Mnyororo wote wa kichocho wategemea mtu mmoja kujisaidia penye maji. Kila mwalo na kila nyumba iliyo karibu na lambo sharti iwe na choo, na kila mtumiaji akitumie. Wavuvi wasijisaidie ziwani wakiwa katika mtumbwi karibu na ufuko.

La pili, watoto wasiogelee wala kuchezea majini. Ni vigumu, najua, hasa siku za joto. Basi angalau watumwao maji wachote upesi na kuondoka, wala wasitumwe wakati jua limepanda. Nguo zifuliwe juu ya mawe kwa maji yaliyochotwa, si kwa kusimama ziwani mpaka magotini. Na maji ya kuoga yakichotwa bila konokono na kuwekwa siku mbili katika pipa lililofunikwa, vijidudu humo hufa. Ukiyachemsha, wafa mara moja. Mwenye uwezo wa viatu vya mpira avivae jarubani.

La tatu ni dawa. Leo hatuchomwi antimoni. Ipo dawa ya vidonge iitwayo prazikwanteli, ambayo kipimo chake hufuata uzito au kimo cha mtu, nayo humezwa baada ya kula. Mtoto anywapo tumbo tupu huweza kusikia kichefuchefu na kizunguzungu, ndipo wazazi husema shule imewapa watoto sumu. Siku ya vidonge shuleni mpeni mtoto uji wa kushiba kabla hajatoka. Tena jueni kuwa dawa huua minyoo iliyokomaa, lakini haizuii mingine kuingia kesho. Kwa hiyo mvuvi na mkulima wa mpunga wasiseme, "Mimi nilikwisha kunywa mwaka juzi." Nawe mama mwenye maumivu au damu usiyoielewa, mweleze mganga wa zahanati kuwa umekulia penye maji. Maneno hayo machache yaweza kumsaidia kufikiri sawasawa.

Wapo watakaosema kuwa Wazungu wale walikuwa na dharau, kuja kuchukua picha za mito yetu na kuyakimbia maji yake. Huenda. Kwa upande wangu nimeyaona mengine. Mtu mwenye mali huilinda. Bwana Bogart alikuwa mali kubwa ya wenye sinema, ndiyo maana walimjengea ziwa la uongo ili asitie mguu katika lile la kweli. Naye baadaye akapewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, mzima wa afya, akiwa amevuta boti katika tangi.

Mtoto wako, Baba, hakuna atakayemjengea ziwa la uongo. Lakini thamani yake mbele ya Mungu si ndogo kuliko ya mchezaji wa sinema. Alibatizwa kwa maji, na jina lake nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe katika daftari la ubatizo. Sipendi nihamishiwe jina lilo hilo upesi katika daftari la pili kwa sababu ya maji mengine.

Kesho ni Jumapili. Mkitoka Misani na watoto wakaomba ruhusa ya kwenda kuoga ziwani, waambieni kwanza habari ya Bwana Charlie na ruba wake. Kisha waambieni maji yale yalikuwa wapi.

Kwa herini mpaka juma lijalo.

Karani wenu,
Bujora